Uwanja Unaopigana: Historia ya Mchezo wa One Must Fall: 2097

Historia ya michezo ya kompyuta, kama ilivyo historia ya filamu na ya vitabu vya kusomwa kwa burudani, imezoea kuandikwa kwa kufuata hesabu za mauzo. Kazi iliyouzwa sana hupewa sura nzima. Kazi iliyouzwa kidogo hupewa mstari mmoja, na pengine hata mstari huo hukosekana. Desturi hii ina wepesi wake, kwani hesabu huweza kupangwa na kulinganishwa. Lakini ina kasoro kubwa pia, nayo ni kumfanya mnunuzi kuwa shahidi wa pekee. Kazi zilizoenea kwa kunakiliwa na kupokezanwa mkono kwa mkono hazikuacha stakabadhi nyuma yake, na kwa sababu hiyo hudhaniwa kwamba hazikuwa na watu.

One Must Fall: 2097, mchezo wa roboti zinazopigana uliotolewa nchini Marekani mwaka 1994, ni mfano mwema wa kazi za namna hiyo. Ulitungwa kwa ajili ya kompyuta za mezani wakati ambapo michezo ya kupigana ilihesabiwa kuwa mali ya majumba ya michezo na ya mitambo ya nyumbani. Ulienezwa kwa njia ambayo mauzo yake hayawezi kuonyesha idadi ya walioucheza. Tena ulikuwa na jambo lililostahili kuangaliwa na wanahistoria: uwanja wa pambano haukuwa pazia lililochorwa nyuma ya wapiganaji, bali ulishiriki katika vita. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jambo hilo lilivyokuwa, kwa nini halikupata sifa iliyostahili, na kwa njia gani mchezo wenyewe umeweza kudumu.

Jina na maneno

Yafaa kuanza na maneno, kwa kuwa maneno ya mchezo huu yana mafunzo kwa mwanafunzi wa lugha. Neno "roboti" lilitoka katika lugha ya Kicheki. Karel Čapek alilitumia katika tamthilia yake iitwayo R.U.R., iliyochapishwa mwaka 1920, na mwenyewe alieleza kwamba ni nduguye Josef aliyempendekezea. Asili yake ni neno lenye maana ya kazi ya shokoa, yaani kazi ambayo mtu hulazimishwa kumfanyia bwana wake pasipo ujira. Hivyo roboti za Čapek zilikuwa watumwa waliotengenezwa, wenye umbo la binadamu na mwishoni wenye nia yao wenyewe.

Roboti za One Must Fall hazina tabia hiyo. Kila moja ni chombo kinachoendeshwa na mtu aliye mbali nacho, na mtu huyo ndiye mwenye jina, sura na historia. Kiswahili kina neno linalomfaa sana mtu huyo, nalo ni "rubani". Neno hili zamani lilikuwa la bahari: rubani alikuwa mjuzi wa njia za maji aliyekiongoza chombo kupita katika miamba na mikondo hadi bandarini. Baadaye likahamia kwenye ndege, na sasa laweza kuhamia kwenye roboti bila kupoteza maana yake ya asili, kwani katika hali zote tatu chombo ni chuma au mbao, na akili ni ya mtu.

Tofauti hiyo ya chombo na mtu huleta tatizo la tafsiri ambalo Kiingereza hulificha. Jina la mchezo lina maana ya kwamba katika wawili, mmoja hana budi kuanguka. Kiingereza hakilazimiki kusema ni mmoja wa nani. Kiswahili kinalazimika. Mfasiri akiandika "mmoja hana budi kuanguka", amekwisha kusema kwamba anayeanguka ni mtu. Akiandika "moja haina budi kuanguka", amesema ni roboti. Upatanisho wa kisarufi wamtaka achague. Uchaguzi huo si mdogo, kwa sababu, kama itakavyoonekana huko mbele, mchezo huu ulijengwa juu ya swali hilohilo: pigo huiangukia roboti, lakini hasara humwangukia rubani.

Neno la tatu ni la mahali. Kiswahili cha michezo kina "uwanja" na kina "ulingo". Uwanja ni mahali peupe palipo wazi, ambapo ubora wake ni kutokuwa na kizuizi. Ulingo zamani ulikuwa jukwaa lililoinuliwa shambani ili mtu akae juu yake na kuwaamia ndege wasile nafaka. Siku hizi ni jukwaa la ngumi. Maneno yote mawili yanachukulia kwamba mahali hapatendi neno: mahali hubeba, na watu hutenda. Wazo hilohilo ndilo lililotawala michezo ya kupigana ya kompyuta kwa miaka yake ya kwanza.

Michezo ya kupigana kabla ya 1994

Mwaka 1991 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa Street Fighter II, na mchezo huo ukaweka kanuni zilizofuatwa na karibu wote waliokuja baadaye. Wapiganaji wawili huonekana kwa ubavu, mmoja kushoto na mmoja kulia. Kila mmoja ana kipimo cha nguvu kilichochorwa juu ya kioo. Na mchezaji huchanganya mielekeo ya usukani na vitufe ili kutoa mapigo ya pekee. Nyuma yao zilichorwa mandhari za nchi mbalimbali, pamoja na watu wanaoshangilia. Mandhari hizo zilikuwa nzuri, lakini kazi yake ilikuwa kumwambia mchezaji yuko nchi gani. Kama zingeondolewa zote na kuachwa kitambaa cheupe, mapigano yasingebadilika.

Mwaka 1992 kampuni ya Midway ya Chicago ilitoa Mortal Kombat, ambao ulitumia picha za watu halisi. Humo mlikuwa na daraja ambalo mshindi aliweza kumrusha mshindwa kutoka juu yake hadi kwenye miiba iliyo chini. Hapo mahali palianza kutenda, lakini palitenda baada ya hukumu kutolewa. Pambano lilikuwa limekwisha, na miiba ilikuwa adhabu tu.

Haki ya historia yataka isemwe kwamba One Must Fall haukuwa wa kwanza kuutia uwanja vitani. Katika mwaka huohuo wa 1992, kampuni ya ADK ya Japani ilitoa World Heroes kwa mtambo wa Neo Geo, na ndani yake mlikuwa na namna ya pili ya kucheza, iliyoitwa pambano la kifo, ambamo ulingo uliwekewa hatari za kumdhuru mpiganaji aliyezigusa. Jambo hilo lilitengwa, hata hivyo, kama mchezo wa pembeni: mchezaji aliyetaka pambano la kawaida alichagua upande mmoja, na aliyetaka hatari alichagua wa pili. Uwanja mkali ulikuwa kioja kilichowekwa kando ya kanuni. Ni katika One Must Fall ambapo kioja hicho kilifanywa kuwa kanuni.

Watungaji na njia ya kuueneza

Mchezo huu ulitungwa na kikundi kidogo kilichojiita Diversions Entertainment, na aliyeubuni ni Rob Elam. Kabla ya roboti kulikuwa na jaribio la awali lililoitwa One Must Fall, ambalo lilikuwa na watu wawili wanaopigana karate. Jaribio hilo halikuwa na roboti wala hadithi ya mwaka 2097. Kutoka hapo hadi mchezo uliokamilika palikuwa na safari ndefu, na mabadiliko makubwa katika safari hiyo ni kuondolewa kwa mwili wa binadamu na kuwekwa chuma mahali pake.

Mchapishaji alikuwa Epic MegaGames, kampuni iliyoanzishwa na Tim Sweeney katika jimbo la Maryland mwaka 1991. Kampuni hiyo siku hizi yajulikana duniani kote kwa jina la Epic Games na kwa mchezo wa Fortnite wa mwaka 2017. Lakini katika miaka ya 1990 ilikuwa nyumba ndogo iliyoishi kwa biashara ya namna ya pekee. Namna hiyo ilianza Marekani mwaka 1982, wakati Andrew Fluegelman na Jim Knopf, kila mmoja kwa upande wake, walipoanza kugawa programu zao bure na kuwaomba walioridhika watume malipo. Wachapishaji wa michezo walibadili utaratibu huo kidogo: sehemu ya kwanza ya mchezo iligawiwa bure, na kila mtu aliruhusiwa, tena aliombwa, kuinakili na kuwapa wenziwe. Aliyependa kuendelea alituma fedha na kuletewa sehemu zilizobaki. Doom, uliotolewa mwezi wa Desemba 1993 na id Software, ulienea kwa njia hiyohiyo.

Njia hiyo ilikuwa na masharti yake. Sehemu ya bure ilipaswa kutosha katika disketi chache, ambazo kila moja haikuchukua zaidi ya megabaiti 1.44, au ipite katika waya za simu kwa modemu zilizokuwa na mwendo wa kobe, kutoka kompyuta moja iliyotumiwa kama ubao wa matangazo hadi nyingine. Kila mtungaji alilazimika kubana. Picha za One Must Fall zilionyeshwa kwa nukta 320 kwa 200, katika rangi 256. Muziki wake, uliotungwa na Kenny Chou, haukuhifadhiwa kama sauti iliyorekodiwa, bali kwa sauti fupifupi za vyombo pamoja na maagizo ya lini kila sauti ipigwe na kwa kimo gani. Kompyuta yenyewe iliupiga muziki huo upya kila mara. Kwa njia hii nyimbo ndefu zilichukua nafasi ndogo sana, na muziki huo umeendelea kusifiwa hata na watu wasioucheza tena mchezo.

Lakini sharti hilohilo lililoueneza mchezo ndilo lililouficha kwa wanahistoria. Nakala iliyopewa rafiki haikuandikwa popote. Aliyecheza sehemu ya bure kwa mwaka mzima bila kutuma fedha hakuhesabiwa, ingawa huenda alizijua roboti zote alizopewa kuliko mnunuzi aliyecheza juma moja.

Viwanja vitano

Mchezo una viwanja vitano: Uwanja wa Michezo, Mtambo wa Umeme, Chumba cha Hatari, Shimo la Moto na Jangwa. Wa kwanza ni mahali pa kawaida, hapana kitu kinachomdhuru mtu, na kuwepo kwake kwafaa kwa kuwa humpa mchezaji kipimo cha kulinganishia vingine. Katika Mtambo wa Umeme kuta zina umeme, na roboti iliyotupwa ukutani hupigwa na nguvu yake. Katika Chumba cha Hatari hutokeza miiba ya chuma. Katika Jangwa ndege za kivita hupita na kupiga risasi. Katika Shimo la Moto jina lenyewe latosha kumwonya mgeni.

Methali husema kwamba wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Katika michezo iliyotangulia hata nyasi hazikuumia, kwa kuwa zilikuwa rangi tu juu ya kioo. Katika One Must Fall nyasi hujibu. Wala hazijibu kwa kuwapendelea tembo mmoja dhidi ya mwingine: ndege ya Jangwani haina upande, na ukuta wa umeme haumjui mwenye nguvu wala mnyonge. Hapa ndipo mchezo ulipobadili elimu ya kupigana. Katika mchezo wa kawaida mchezaji hujiuliza maswali mawili: adui yuko umbali gani, na atafanya nini. Katika viwanja hivi swali la tatu huongezeka: mimi na yeye tumesimama wapi? Mchezaji aliyebanwa ukutani katika Uwanja wa Michezo amepoteza nafasi ya kurudi nyuma. Aliyebanwa ukutani katika Mtambo wa Umeme amekaribia adhabu. Ukuta uleule kwa macho, lakini maana mbili.

Matokeo yake ni kwamba thamani ya kila pigo hubadilika kwa mahali. Pigo dhaifu linalosukuma mbali laweza kuwa bora kuliko pigo zito, ikiwa nyuma ya adui pana hatari. Roboti nazo hutofautiana katika jambo hili. Mna roboti kumi za kuchaguliwa, na kila moja ina ufundi wake: Jaguar huruka na kushambulia kwa kasi, Shadow hutoa vivuli vyake vinavyopiga kwa niaba yake, Shredder hurusha mikono yake, Flail ina minyororo, Gargoyle ina mabawa, Chronos huchezea wakati, na huweza kumwacha adui ameganda. Nyingine ni Thorn, Pyros, Electra na Katana. Ya kumi na moja, Nova, ni ya Meja Kreissack, mkuu wa kampuni inayoendesha mapambano, naye hungojea mwisho wa safari. Mchezaji anayejua roboti yake lakini hajui uwanja amejua nusu tu ya somo.

Jambo moja zaidi lastahili kutajwa. Watungaji waliweka katika orodha ya mipangilio kitufe cha kuzima hatari zote za viwanja. Mtu aweza kudhani kwamba kwa kufanya hivyo walirudi kulekule kwa World Heroes, lakini sivyo. Kule hatari zilikuwa nyongeza ya kuchaguliwa. Hapa hatari ndizo hali ya kawaida, na usalama ndio wa kuombwa. Katika isimu husemwa kwamba umbo lisilo na alama ndilo la msingi, na lenye alama ndilo la pekee. Kwa kipimo hicho, One Must Fall uligeuza mambo: uwanja mtulivu ndio uliobeba alama. Mipangilio mingine iliruhusu hata kimo cha kuruka kibadilishwe, kiasi kwamba wachezaji wawili waliweza kuafikiana juu ya sheria zao kabla ya kuanza.

Fedha na matengenezo

Nusu ya pili ya mchezo ni mashindano. Humo mchezaji hachukui rubani aliyekwisha kutengenezwa, bali huanza na wake mwenyewe, mwenye roboti dhaifu na fedha kidogo. Yako mashindano manne yanayopandiana kwa ugumu, kuanzia yale ya Amerika ya Kaskazini hadi ya ubingwa wa dunia. Kila ushindi una malipo. Fedha hizo hutumiwa kwa njia mbili: kumfundisha rubani, ili aongezeke nguvu, wepesi na ustahimilivu, na kuiboresha roboti, yaani nguvu na kasi ya mikono, nguvu na kasi ya miguu, unene wa chuma chake, na uwezo wake wa kutolewa kizunguzungu. Aliyetaka aliweza pia kuiuza roboti yake na kununua nyingine.

Kila baada ya pambano huja hesabu. Malipo huandikwa, na gharama za matengenezo hukatwa. Mtu huweza kushinda na bado akatazama hesabu yake kwa huzuni, kwa sababu chuma kilichopondeka hutengenezwa kwa fedha za mwenyewe. Utaratibu huu hubadili tabia ya mchezaji. Katika mchezo wa kawaida ushindi wa mwisho hufuta kila pigo lililopokewa. Katika mashindano haya pigo lililopokewa hudumu, kwani limekuwa deni. Kwa hiyo tahadhari, ambayo katika michezo mingine huhesabiwa kuwa woga, hapa huwa uchumi mwema.

Hapa ndipo lile swali la upatanisho linapopata jibu. Inayoanguka ni roboti, na sarufi yataka isemwe "imeanguka". Lakini anayelipa ni rubani. Si ajabu basi kwamba kampuni inayotawala mashindano katika hadithi hiyo ina jina ambalo kifupisho chake husomeka sawasawa na neno la Kiingereza lenye maana ya vita. Watu hufanya kazi kwa tajiri, chombo huharibika, na mfanyakazi ndiye anayekitengeneza. Čapek, aliyechukua neno lake kutoka katika kazi ya shokoa, pengine angelitambua jambo hilo upesi.

Kwa nini ulisahauliwa

Sababu ya kwanza ni chombo. Mwaka 1994 kompyuta ya mezani ilihesabiwa kuwa kifaa cha ofisi ambacho kingeweza pia kuchezewa. Wengi wa wenye kompyuta walicheza kwa kibodi, na watu wawili walilazimika kubanana mbele ya kibodi moja. Waandishi waliojua michezo ya kupigana waliangalia majumba ya michezo, ambako mashine ziliingizwa sarafu. Na waandishi waliojua kompyuta walipenda michezo ya aina nyingine. One Must Fall ulikaa katikati ya vikundi viwili, na hakuna kilichouona kuwa wake.

Sababu ya pili huonekana wazi mchezo huu unapolinganishwa na Rise of the Robots, uliotolewa na Mirage ya Uingereza katika mwaka huohuo wa 1994. Huo nao ulikuwa mchezo wa roboti zinazopigana. Ulitangazwa kwa nguvu nyingi, ukasifiwa kwa picha zake kabla haujatoka, na jina la Brian May likatumiwa kuupamba, yaani mpiga gitaa wa Queen, kundi lililoongozwa na Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja. Picha zake zilikuwa za kupendeza kwa kweli. Lakini mchezaji wa pekee aliruhusiwa kutumia roboti moja tu, na mapigano yenyewe yalikuwa membamba. Wahakiki wengi waliukosoa vikali.

Linalostahili kuangaliwa ni kwamba kati ya michezo hiyo miwili, ule uliokosolewa ndio unaotajwa mara nyingi zaidi katika orodha na historia za miaka hiyo, ijapokuwa hutajwa kama mfano wa kushindwa. Sababu yake si fumbo. Tangazo huacha karatasi. Karatasi huwekwa katika makabati. Na mwanahistoria hufungua makabati. Mchezo mbaya uliotangazwa una ushahidi mwingi kuliko mchezo mzuri uliopokezanwa. Hivyo historia iliyoandikwa kwa kufuata karatasi peke yake huishia kuwa historia ya matangazo.

Sababu ya tatu ni wakati. Miaka michache baadaye michezo iliingia katika umbo la pande tatu, na mfumo wa DOS, ambao One Must Fall uliutegemea, ukaachwa nyuma na Windows. Epic wenyewe walielekea huko. Mwaka 1998 walitoa Unreal, na mwaka 1999 wakalifupisha jina lao. Wazo la uwanja unaotenda halikufa. Dead or Alive 2 wa mwaka 1999 ulimwezesha mpiganaji kumwangusha mwenziwe kutoka ghorofa moja hadi nyingine huku vita ikiendelea, na Injustice: Gods Among Us wa mwaka 2013 ulizifanya mandhari kuwa ghala la silaha. Hakuna haja ya kudai kwamba watungaji hao waliiga kazi ya Diversions. Latosha kuonyesha kwamba jambo lililosifiwa mwaka 2013 lilikuwa limekwisha kuchezwa katika kompyuta za kawaida miaka 19 kabla yake.

Jinsi ulivyodumu

Diversions walijaribu kurudi. Mwaka 2003 walitoa One Must Fall: Battlegrounds, mchezo wa pande tatu ambamo wapiganaji wengi waliweza kuwa uwanjani kwa mara moja. Haukupata mafanikio yaliyotarajiwa, na mfululizo huo ukakoma hapo.

Ule wa kwanza, hata hivyo, ulikuwa umekwisha kupata uhai mwingine. Mwaka 1999 wenye mali waliutangaza kuwa wa bure wote, si sehemu yake ya kwanza tu. Uamuzi huo uliwapa watu ruhusa ya kuunakili kwa haki. Tangu mwaka 2002 programu iitwayo DOSBox, ambayo huiga kompyuta za zamani ndani ya kompyuta mpya, iliwawezesha watu kuucheza tena. Katika miaka ya 2010 wapenzi wake walianza kazi kubwa zaidi, iitwayo OpenOMF. Waliandika upya mtambo wa ndani wa mchezo, kwa msimbo ulio wazi kwa kila mtu kuusoma, ili faili za asili za picha, sauti na miendo zifanye kazi katika kompyuta za leo.

Kazi hiyo ni ya kiisimu kuliko inavyodhaniwa. Waandishi wa OpenOMF walikuwa na faili zilizojaa tarakimu pasipo kamusi wala sarufi. Iliwabidi walinganishe, wakisie, wajaribu, na kurekebisha, mpaka kila alama ipate maana: hii ni kimo cha kuruka, hii ni nguvu ya pigo, hii ni namna ukuta unavyomrudisha aliyetupwa. Mtafiti aliyewahi kusoma hati isiyo na irabu zote, akitafuta usomaji unaokubaliana na mizani ya beti, ataitambua njia hiyo. Wala hawakuweza kukisia ovyo. Roboti ikianguka mapema kidogo kuliko ilivyoanguka mwaka 1994, mchezaji wa zamani angetambua mara moja.

Wanafunzi wa hati za kale wanajua kwamba kazi inayodumu si lazima iwe ile iliyothaminiwa zaidi na wakubwa wa siku zake. Mara nyingi ni ile iliyonakiliwa na wengi, kwa kuwa nakala moja huliwa na mchwa, na nakala ishirini haziliwi zote. One Must Fall ulidumu kwa sababu iyo hiyo. Michezo mingi ya kibiashara ya mwaka 1994 ilikatazwa kunakiliwa, na katazo hilo lililinda mauzo kwa miaka michache. Kisha mauzo yakakoma, na katazo likabaki. Mchezo uliozaliwa kwa kunakiliwa ulikuwa na nakala zake katika nyumba za watu, na watu hao walikuwa wanajua thamani yake.

Katika mambo haya mna funzo kwa wanaoandika historia za kazi za siku hizi, ziwe michezo, programu au maandishi yaliyohifadhiwa katika kompyuta. Hesabu ya mauzo ni ushahidi, lakini ni ushahidi wa jambo moja. Yapasa iulizwe pia kazi ilienezwa vipi, nani aliruhusiwa kuinakili, na ni lini ruhusa hiyo ilitolewa, kwa kuwa majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua kama kutakuwapo na kitu cha kuandikiwa historia. Tena kazi hizi hazina budi kuchezwa na mtafiti, wala si kusomewa habari zake tu. Picha tulivu ya Mtambo wa Umeme, ikichapishwa kitabuni, haiwezi kumwonyesha msomaji kwamba ukuta ule una umeme. Hujulikana pale tu mtu anapotupwa juu yake.